Mbona kutumiwa mzigo Rongai ni ghali kuliko Kisumu?

Umeona sufuria mtandaoni kwa shilingi 1,200. Umeuliza kama bado ipo, ukaambiwa ipo. Halafu muuzaji anaandika: "Kukuletea ni 400." Hapo ndipo wateja wengi huandika "sawa, nitakuambia" na hawaonekani tena.

Kwa kuwa kazi yetu ni malipo, maswali mengi yanayotufikia yanahusu hiyo 400 kuliko sufuria yenyewe. Inatoka wapi? Na kwani muuzaji hawezi kuibeba mwenyewe?

Wengi wetu hutarajia bei ifuate kilomita. Rongai iko kama kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji la Nairobi, na Kisumu ni zaidi ya 300. Sasa chukulia mteja wa Rongai ameambiwa 400, na mwenzake wa Kisumu ameambiwa 250 kwa sufuria ileile. Wa Rongai atahisi anaibiwa. Lakini bei ya mzigo haifuati kilomita sana; inafuata ni watu wangapi wanaigharamia safari hiyo. Basi la Kisumu lingeondoka tu, uwe na mzigo au usiwe nao. Abiria wameshalipa nauli, na sufuria yako inakaa kwenye buti pamoja na mizigo ya watu wengine wengi. Mtu wa boda wa Rongai anaenda kwa ajili yako peke yako. Anachoma mafuta kwenda, anakwama kwenye jam, na mara nyingi anarudi bila mteja. Safari nzima ni yako, kwenda na kurudi.

Ndiyo maana ukiambiwa "Rongai tunaleta Jumatano na Jumamosi," huo sio uvivu. Muuzaji anakusanya wateja wa upande mmoja ili safari moja igawanywe. Kama huna haraka, uliza siku hizo. Ni njia rahisi ya kupunguza gharama, na watu wachache sana huitumia.

Wa Kisumu naye asishangilie mapema. Ile 250 inamfikisha ofisi ya mizigo ya basi, sio mlangoni. Kutoka hapo hadi nyumbani ni juu yake, na mzigo ukikaa siku kadhaa bila kuchukuliwa, kuna ofisi zinazotoza pesa ya kuuhifadhi.

Kisha kuna ukubwa. Kampuni za kusafirisha vifurushi, hasa kwa ndege, hupima pia nafasi ambayo mzigo unachukua. Hesabu inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Boksi la mito lenye sentimita 50 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kuwa kilo 16, hata kama kwenye mizani lina kilo 3 pekee. Karani wa mizigo kwenye basi hana hiyo fomula, lakini anafanya hesabu hiyohiyo kwa macho.

Na "kuletewa bure" je? Mwenye boda hajawahi kubeba bure. Pesa yake iko ndani ya bei ya bidhaa, au muuzaji ameikata kwenye faida yake. Hakuna ubaya, ila linganisha jumla na jumla: viatu vya 1,800 vya kuletewa bure na viatu vya 1,500 pamoja na usafiri wa 300 ni bei moja.

Ukiambiwa ulipe usafiri kwanza

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu hupoteza pesa. Muuzaji mdogo ana sababu nzuri ya kuomba nauli mapema. Akituma boda hadi Ruiru na mteja azime simu, mwendeshaji atalipwa tu, na huenda faida yote ya siku ikaishia hapo. Kwa hivyo kuomba usafiri kwanza peke yake si dalili ya utapeli.

Dalili ni malipo yanayozaana. Umetuma 300 ya usafiri, halafu inakuja 500 ya "bima", halafu 700 ya "kuachilia mzigo," na kila mara unaambiwa umebakisha hii moja tu. Malipo ya pili ambayo hukutajiwa mwanzoni yakitokea, simama. Usitume nyingine ukitumaini kuokoa ya kwanza.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Unanunua kwa duka, mbona jina ni la mtu ambaye hujawahi kumsikia? Uliza. Tunapendelea ulipie kwa till ya biashara kuliko nambari ya mtu binafsi. Ukituma kwa nambari ya mtu unakatwa ada ya kutuma, kisha unaambiwa "weka na ya kutoa," na tayari usafiri wako umepanda bila mzigo kusonga hata hatua moja.

Kwa wauzaji wanaotusoma: Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata taarifa anazohitaji kuhusu anachonunua. Lakini hata bila sheria, kinachomkasirisha mteja ni kushtukizwa. Hiyo 400 ingetajwa pamoja na picha ya sufuria, anayeimudu angebaki na asiyeimudu asingekupotezea saa nzima. Ujumbe mmoja unatosha, kwa mfano: "Sufuria 1,200. Kuletewa Rongai leo 400, Jumatano 200, kuchukua mwenyewe dukani bure. Jumla ya leo 1,600, lipa kwa till yetu. Ukirudisha kwa sababu ya saizi, usafiri wa kurudisha ni wako. Ikiwa na kasoro, ni wetu."

Mteja naye asifute ujumbe huo, wala ule wa malipo, mpaka mzigo uwe mkononi na ameufungua.