Viza ya Familia: Karatasi za Nyumbani Mbele ya Ofisa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza njia linayopita ombi la ndugu aliyeko Marekani. Fomu I-130 huanzia kwenye idara ya uhamiaji ya huko. Ikikubaliwa, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza kilichoko New Hampshire. Ada hulipwa, fomu DS-260 hujazwa, na mwisho hupangwa tarehe ya mahojiano ubalozini, Dar es Salaam. Leo nataka tubaki hapa Chanji, Sumbawanga. Naamini mahojiano yale ya muda mfupi pale Msasani huwa yameshaamuliwa kwa sehemu kubwa na karatasi zilizotengenezwa huku kwetu, nyingine miaka mingi kabla mwombaji hajapanda basi la kushuka Tunduma.

Wapo watakaoniuliza kwa nini niandike haya wakati mlango umefungwa. Ni kweli, tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za uhamiaji kuanzia Januari 1, 2026, na halikuwaacha wake, waume wala watoto. Ninaowajua hapa mtaani wameumia, nami nimeumia pamoja nao. Lakini foleni ya viza hizi huhesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa, na kwa ndugu wa tumbo moja foleni hiyo huzidi miaka 15. Aliye na mwaka mzima wa kusubiri autumie kukagua bahasha yake.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea bahasha ya namna hiyo. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za bintiye. Cheti cha kuzaliwa, kilichotolewa binti akiwa ameshamaliza kidato cha nne, kinasema alizaliwa Machi. Cheti cha ubatizo kinasema alibatizwa Desemba ya mwaka uliotangulia. Kwa hesabu ya karatasi, basi, mtoto alibatizwa miezi mitatu kabla ya kuzaliwa. Cheti cha darasa la saba kina jina la ukoo la babu mzaa mama, kwa kuwa babu ndiye aliyemshika mkono kwenda kuandikishwa shule. Katika nyumba ile hakuna aliyedanganya. Ila ofisa asiyewajua ataona binti mwenye tarehe mbili za kuzaliwa na baba wawili.

Haya yametupata wengi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa nchini kote watoto 16 tu kati ya 100 wenye umri chini ya miaka 5 ndio waliosajiliwa kuzaliwa. Tangazo la kizazi lilitolewa zahanati, likawekwa sandukuni, likaliwa na mchwa. Cheti kilitafutwa siku kilipohitajika: mkopo wa chuo, kitambulisho cha NIDA, pasipoti. Kwa hiyo vyeti vyetu vingi vya RITA, wakala wa usajili wa vizazi, vimesajiliwa mtu akiwa mtu mzima, na tarehe ya usajili imeandikwa humo humo. Ofisa huisoma. Kuchelewa peke yake hakukifanyi cheti kuwa batili, lakini ofisa atataka shahidi mwingine wa maandishi aliye mkongwe kuliko cheti.

Shahidi huyo kwa Wafipa wengi wa huku kwetu yuko parokiani. Mapadri Weupe waliingia Karema mwaka 1885, na kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika misheni zikapanda juu uwandani. Kila walipofungua misheni walifungua na rejista ya ubatizo: namba, jina, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, baba, mama, msimamizi, na pembeni nafasi ya kuandika kipaimara na ndoa. Mtu akifunga ndoa parokia nyingine, taarifa hurudishwa kwenye mstari wake wa ubatizo. Ni utaratibu mzuri mno, na inanisikitisha kuona watu wakiridhika na kikadi kifupi cha ubatizo wakati wangeweza kumwomba paroko nakala kamili ya mstari wao, yenye muhuri. Maelekezo ya fomu I-130 huipokea hati ya kanisa pale cheti cha kuzaliwa kinapokosekana, kwa sharti kwamba ubatizo ulifanyika ndani ya miezi miwili tangu kuzaliwa. Asiye na kanisa atafute kadi ya kliniki na rejista ya shule ya msingi.

Karatasi zikipishana, irekebishwe ile yenye kosa, na irekebishwe mahali ilipotolewa. Msajili wa vizazi wilayani ni Katibu Tawala wa Wilaya. Huko ndiko pa kuanzia kwa cheti cha kuzaliwa. Jina likitofautiana, hati ya kiapo ieleze sababu yake waziwazi, kama ya yule babu. Usimpe kishoka fedha akutengenezee karatasi mpya zinazolingana. Udanganyifu wa makusudi katika jambo la msingi humfungia mtu milango ya Marekani maisha yake yote, na msamaha wake haupatikani kirahisi.

Ndoa nayo ina mtego wake. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya dini, ya kiserikali na ya kimila, na kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakiheshimika hivyo. Dhana hiyo humsaidia mjane mahakamani. Kwenye dirisha la viza haina cheti cha kuonyesha. Mahari iliyopokelewa mbele ya wazee wa pande zote mbili ni ndoa kwetu, lakini isiposajiliwa, ofisa hana cha kushika. Na kwa mume mwenye wake wawili, Marekani humtambua wa kwanza peke yake.

Linaloumiza zaidi ni watoto. Nyumba ngapi hapa Chanji zinalea mtoto wa marehemu kaka, naye hamjui baba mwingine? Sheria ya Marekani humhesabu mtoto wa kuasili ikiwa aliasiliwa kabla ya kufikisha miaka 16, na akaishi na mlezi miaka miwili chini ya malezi ya kisheria. Kwetu, kuasili kunahitaji amri ya mahakama, na ni nani aliyewahi kwenda mahakamani kwa mtoto wa kaka yake? Mwaka 2008 Wamarekani walipima vinasaba vya familia za wakimbizi waliokuwa wakiwafuata ndugu zao, wakianzia Nairobi. Familia ambazo uhusiano wote ulithibitika hazikufika 20 kati ya 100. Nyingine zilikuwa na angalau jibu moja la hapana, au zilikataa kupimwa. Mpango ukasimamishwa hadi mwaka 2012. Waongo walikuwapo, sikatai. Lakini kipimo cha vinasaba hakiwezi kumtenga mwongo na mama aliyelea yatima. Anayelea yatima aseme tangu fomu ya kwanza kwamba ni wa kulea.

Siku yenyewe haina mengi. Kabla yake kuna daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, chanjo, picha ya kifua na hati ya polisi. Ubalozini unachukuliwa alama za vidole, unaapa, unakabidhi nyaraka halisi. Maswali ni ya kawaida: mlikutana wapi, nani alihudhuria ndoa, mwenzako anafanya kazi gani, mara ya mwisho mlionana lini. Jibu unalolijua, usilolijua sema hulijui. Wengi hupewa karatasi yenye namba 221(g). Hiyo ni kukataliwa kwa sasa, mara nyingi kwa sababu kuna hati iliyopungua, na faili hufunguliwa tena hati ikifika. Nimemwona kijana akirudi Sumbawanga na karatasi hiyo akidhani kila kitu kimekwisha, kumbe ilidaiwa talaka ya ndoa ya kwanza ya baba yake.

Juma lijalo tutaangalia fomu I-864 na kipato cha mdhamini, ambacho hupaswa kufikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, na kwa nini ndugu aliyeko huko husita kuitia saini.