Kusahihisha Mazoezi ya Sauti Nne: Tuanze na Lugha ya Wimbo

Aliyepata kusahihisha mazoezi ya kutunga sauti nne anajua jinsi kalamu nyekundu inavyokwenda. Jicho hutafuta kwanza tano sambamba: besi ikipanda kutoka d kwenda r, na sauti ya tatu ikipanda pamoja nayo kutoka s kwenda l, mara duara linachorwa na alama inaondolewa. Hufuata nane sambamba, kisha t iliyowekwa katika sauti mbili kwa pamoja. Ni kazi ya haraka, tena ina faraja yake, kwa kuwa makosa ya namna hiyo yanahesabika.

Ndivyo tulivyosahihisha zoezi la mwanafunzi mmoja wa pwani ya Mtwara, aliyelelewa karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Alikuwa ametunga wimbo wa kuitikiana kwa Chimakonde, na katika kiitikio sauti zote nne zilipanda na kushuka pamoja. Tulimpa alama zisizotosha kufaulu. Alipokuja kuuliza, alisema kwa adabu: "Mwalimu, nikiipeleka sauti ya pili njia nyingine, maneno yake hayatakuwa maneno tena." Tuliyachukua hayo kuwa udhuru.

Haukuwa udhuru. Chimakonde, kama vile Chiyao na Kimakua, ni lugha ya toni. Silabi huwa na kimo chake, juu au chini, na anayekivuruga kimo hicho huweza kulivuruga neno lenyewe. Basi sauti ya kwanza ikipanda pamoja na neno, na sauti ya pili ikashuka kama kanuni inavyopenda, waimbaji wa sauti ya pili wanalitamka neno lile kichwa chini. Mwendo sambamba huyalinda maneno katika kila sauti. Wala jambo hili si la Mtwara peke yake. Wagogo wa Dodoma, ambao lugha yao pia ina toni, wanajulikana sana kwa kuimba kwa nne na tano zinazoandamana.

Je, kanuni ifutwe? La hasha. Tano sambamba hukatazwa katika korale kwa sababu ya maana: sauti mbili zikiandamana hivyo huyeyuka kuwa kama moja, na kwaya ya sauti nne husikika kana kwamba ina tatu. Mwanafunzi anayepewa korale anapimwa kama aweza kuipa kila sauti njia yake, na akishindwa hapo apunguziwe alama. Tena Kiswahili hakina toni, kwa hiyo atungaye kwa Kiswahili hawezi kujitetea kwa hoja ya Mmakonde yule.

Lakini Kiswahili kina mkazo, nao huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo. Hapa ndipo kalamu zetu zinapolala. Tuni nyingi za Kijerumani tunazoziimba hufunga mstari kwa pigo zito, kwa kuwa neno la mwisho la Kijerumani aghalabu lilikuwa la silabi moja. Mwanafunzi akiweka "Bwana" mahali pale, uzito wote humwangukia "na". Kadhalika neno "mtu" lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye "m". Atakayeliandikia nota moja amemeza silabi ile ile iliyostahili pigo. Jina la Mtwara lenyewe ni silabi tatu. Kwa maoni yetu makosa haya ni mazito kuliko tano sambamba mbili zilizojificha kati ya besi na sauti ya tatu, maana ushirika hauzisikii tano hizo, lakini neno lililopotoshwa huusumbua kila Jumapili.

Luther aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1525, alipokuwa akisitasita kutoa ibada ya Kijerumani, aliandika kwamba maneno na nota, mkazo na lahani, vyote havina budi kutoka katika lugha ya mama, vinginevyo ni kuiga tu. Sisi tunaokariri jina lake madarasani tumesahihisha kana kwamba hakuandika hayo.

Siku hizi hatutoi zoezi bila kuandika juu yake mambo mawili: lugha ya maneno, na kama ni korale au wimbo wa kuitikiana. Wimbo ukiwa wa lugha tusiyoijua, tunamtafuta msemaji wake aimbe kila sauti peke yake, kisha tunamwuliza amesikia nini. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na wenzetu wengine hunung'unika. Alama za mwanafunzi yule wa Ruvuma zilikuwa zimekwisha kuingia kitabuni, nasi hatukuzibadilisha.