Kimbunga kikija, Likoni na Kisauni zitakimbilia wapi?

KWA miaka mingi wakazi wa Mombasa wamesikia habari za vimbunga kama mambo ya nchi za mbali. Hapa kwetu kuna kusi na kaskazi, kuna mvua za masika, na bahari ikichafuka wavuvi huvuta ngalawa zao pwani wakangoja itulie.

Lakini mwanzoni mwa Mei 2024 serikali ilipiga marufuku kuogelea na kuvua samaki katika pwani yote ya Kenya. Kimbunga Hidaya kilikuwa njiani. Mei 4 kilifika kisiwani Mafia, Tanzania, na Mombasa ikaponea. Je, tutaponea kila mara?

Kinga yetu

Kimbunga huhitaji mambo mawili makubwa: bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, na nguvu ya mzunguko wa dunia ya kuuzungusha upepo. Nguvu hiyo ni hafifu sana karibu na ikweta. Ndiyo maana vimbunga ni nadra mno kati ya ikweta na latitudo ya 5. Mombasa iko latitudo ya 4 kusini, yaani ndani kidogo tu ya ukanda huo wa usalama.

Majirani zetu hawana bahati hiyo. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliikumba Unguja, kikazamisha merikebu za Sultan Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba iliponea, na baadaye ikaipita Unguja kwa karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Mwaka wa 2019 Idai kiliua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, kisha Kenneth kikapiga Cabo Delgado. Upande wa kaskazini nako, Novemba 2020 kimbunga Gati kilitua Somalia.

Kutoka Unguja hadi Mombasa hakufiki kilomita 300. Isitoshe, Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na wataalamu wanatarajia vimbunga vyenye nguvu zaidi. Tena kimbunga si lazima kitue Mombasa ndipo kitudhuru: kikipita mbali kusini, mawimbi na mvua yake huweza kutufikia.

Watu ni wengi

Kwa sensa ya 2019, Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Wengi huvuka maji kila siku kwenda kazini, shuleni au hospitalini. Feri ikisimama kwa sababu ya mawimbi, mgonjwa wa Likoni anayepelekwa hospitali kuu ya Pwani kisiwani itabidi azunguke Dongo Kundu. Mwenzake wa Kisauni hutegemea daraja la Nyali, na wa Changamwe njia ya Makupa.

Hatari kubwa huwa ni maji kuliko upepo. Kimbunga husukuma bahari kuelekea nchi kavu. Kikija wakati wa maji mafu, huenda madhara yakawa madogo. Kikija siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, walio karibu na ufuo na hori ndio watakaoona taabu. Miamba ya matumbawe na mikoko huvunja nguvu ya mawimbi. Anayekata mikoko kwa kuni au kujenga anabomoa ukuta wa jirani yake.

La kufanya nyumbani

Jamii isingoje tangazo la serikali ndipo ianze kufikiri. Msimu wa hatari ni Novemba hadi Mei. Kabla yake, kagua mabati na misumari, punguza matawi ya miti iliyoinamia nyumba, na zibua mitaro iliyojaa taka. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hati za shamba viwekwe kwenye mfuko wa nailoni mahali pamoja. Weka maji safi ya kunywa, tochi, na redio ya betri, kwa maana umeme ndio hukatika mwanzo.

Muhimu zaidi, kubalianeni leo: bahari ikipanda, ni nyumba ya nani iliyo juu mtakayokimbilia? Nani atambeba nyanya? Nani atawafuata watoto shuleni? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo haujengwi usiku wa tufani.