Tramu hugeuka vipi ikifika mwisho wa reli?

Dere wa matatu akifika mwisho wa ruti, kazi ni rahisi. Anakata kona, makanga anapiga bodi, gari linaangalia mjini tena. Hata barabara ikiwa nyembamba, atarudi nyuma, atatukanwa kidogo, lakini atageuka.

Sasa chukua tramu ya mita 30, iweke juu ya reli na uondoe usukani. Nyuma yake kuna nyingine inafika baada ya dakika tatu. Utaigeuza vipi?

Kuna miji ambayo bado inatumia nguvu za watu. Kule San Francisco, Marekani, magari yanayovutwa na kebo ya chuma iliyo chini ya barabara yalianza kazi 1873. Yale ya Powell Street huendeshwa kutoka upande mmoja tu. Likifika Market Street, katikati ya mji, gari linaachilia kebo na kuingia juu ya sahani kubwa ya duara yenye reli. Wafanyakazi wake wanashuka, wanalisukuma kwa mikono mpaka liangalie lilikotoka. Watalii wanapiga picha. Inapendeza, ila ni gari moja kwa wakati mmoja.

Toronto, Kanada, walichagua mzunguko. Tramu zao zina chumba kimoja cha dereva na milango upande wa kulia tu, kwa hivyo mwisho wa ruti reli inapinda duara na kurudi. Dereva habanduki kitini. Shida ni nafasi: tafuta ploti ya kutosha katikati ya mji uone bei yake. Kwenye stesheni ya Union waliuweka mzunguko huo chini ya ardhi, na pale abiria wakijaa, wanabanana kwelikweli.

Melbourne, Australia, yenye mtandao mkubwa zaidi wa tramu duniani, ilikataa kugeuza kabisa. Kila tramu ina "vichwa" viwili. Ikifika kituo cha mwisho pale Swanston Street, karibu na chuo kikuu, dereva anafunga chumba chake, anatembea hadi upande wa pili na anawasha. Mkia umekuwa kichwa. Kilichobaki ni kuhamia reli ya kuelekea upande ule mwingine, kupitia kipande cha reli kinachounganisha hizo mbili. Treni nyepesi ya Addis Ababa, iliyofunguliwa 2015, inafanya vivyo hivyo. Hata zile treni za DMU za Nairobi zina chumba cha dereva kila upande.

Sasa skiza hesabu, kwa sababu hapa ndipo kuna mambo. Tuseme mwisho wa ruti kuna reli moja, na kila tramu inahitaji dakika sita kushusha watu, kupakia na kuondoka. Hiyo ni tramu 10 kwa saa. Basi. Serikali ikinunua tramu 100 mpya, bado zitatoka 10 kwa saa, zingine zitapanga foleni nyuma kama matatu kwa jam. Ongeza reli ya pili pale mwisho, na unaweza kufika 20 bila kununua hata tramu moja.

Kuna ujanja mwingine wa bei rahisi. Dereva mwingine anasubiri pale mwisho wa kituo. Tramu ikisimama, anaingia upande wa pili na kuondoka nayo. Yule aliyeileta anatembea polepole, anavuta pumzi, kisha anachukua inayofuata. Dakika za kutembea hazimcheleweshi abiria tena.

Ndiyo maana ukisikia wakubwa wakiahidi mabasi ya BRT au treni mpya Nairobi, usiishie kuuliza ni ngapi zinanunuliwa. Wewe ndiwe utakayesimama steji saa kumi na mbili asubuhi, ukihesabu dakika na bosi anapiga simu. Uliza zitageukia wapi, zitachukua dakika ngapi, na ni ngapi zinaweza kugeuka kwa pamoja. Wakikosa jibu, jua foleni imeshapangwa kabla hata reli haijalazwa.