Kipimajoto cha Kericho na Ubishi wa Malaria

Milipuko ya malaria iliyowahi kuwasumbua wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho, magharibi mwa Kenya, ilitulia kwa muda katikati ya karne iliyopita. Katika miaka ya 1980 na 1990 maradhi hayo yakarudi kwa kishindo. Hospitali za mashamba zikapokea watu wazima waliougua vikali kama watoto, kwa kuwa wakazi wa mwinuko wa mita 2,000 hawana kinga waliyo nayo wenzao wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Je, nyanda za juu zilikuwa zimepata joto?

Swali hilo si dogo. Kimelea cha malaria kali hukomaa ndani ya mbu kwa kasi inayotegemea joto, na chini ya nyuzi 16 hivi hakikomai kabisa. Kwa kanuni ya zamani ambayo bado inatumika, katika nyuzi 18 kimelea huhitaji takriban siku 56, na ni mbu wachache mno wanaoishi muda huo. Katika nyuzi 20 siku hupungua hadi 28.

Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa maeneo manne ya nyanda za juu: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikonko nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Walipitia takwimu za mwaka 1911 hadi 1995, wasione badiliko la maana la joto. Walielekeza macho kwingine, hasa kwenye usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Waliopinga wazo la ongezeko la joto duniani walifurahi, waliolitetea walikasirika. Pande zote mbili zilikuwa na haraka.

Jonathan Patz na wenzake walihoji takwimu zenyewe. Hazikuwa usomaji wa kipimajoto cha Kericho, bali makisio yaliyokokotolewa kutokana na vituo vilivyotawanyika, kisha kugawanywa katika miraba yenye upana wa kilomita zipatazo 55. Kutoka Kericho, umbali huo unatosha kumshusha msafiri mamia ya mita kuelekea ziwani, na kila mita 100 za mteremko huongeza joto kwa zaidi ya nusu nyuzi. Wastani wa mraba kama huo hauwezi kusemea kilima kimoja.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walirefusha takwimu za maeneo yale yale hadi 2002, wakaona ongezeko. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walirudi kituoni. Walichukua vipimo vya kila siku vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya mjini Kericho, vya mwaka 1979 hadi 2009, wakavikagua, wakakuta joto limepanda kwa nyuzi 0.2 hivi kila muongo. Kwa miaka 30 hizo ni nyuzi 0.6. Zikiongezwa juu ya nyuzi 18, kanuni iliyotajwa hushusha siku 56 hadi 43.

Hata hivyo Hay hakukosea kuhusu dawa. Klorokwini ilikuwa imeshindwa; Kenya iliiacha mwaka 1998, na mwaka 2004 ikachagua dawa mseto. Baadaye wagonjwa wa Kericho walipungua, ilhali joto halikupungua. Tabibu azoeaye homa hashangai kukuta visababishi viwili katika kitanda kimoja. Washabiki wa mjadala ndio walioona haya kukubali kuwa joto lilipanda na dawa ilishindwa kwa wakati mmoja.

Kericho ilikuwa na bahati ya kuwa na rejesta. Sehemu nyingi za milimani barani Afrika zina vituo vichache, vingine vyenye mapengo ya miezi, na huko ramani ya joto bado hujazwa kwa makisio ya jirani.