Mechi Moja, Keja 32: Mbona Faiba Inabeba Kopi 32 za Goal Moja?

Jumamosi jioni, mechi imeshika moto, ploti yote iko kwa skrini. Ghafla kale kaduara kanaanza kuzunguka. Picha ikirudi, goal imeshaingia na jirani anapiga nduru. Noma! Na faiba umelipia.

Wacha tukupe story ya hiyo waya.

Faiba yako si yako peke yako. Waya moja inatoka kwa kampuni, ikifika mtaani inapitia kijisanduku kinachogawanya mwangaza, mara nyingi kwa keja 32. Kwa teknolojia ya GPON, keja zote hizo zinagawana karibu 2.5 Gbps za kushusha data.

Sasa cheki makanga. Akirudisha chenji, anaendea kila mtu na yake. Hiyo ndiyo yunikasti. Lakini akikaribia stage anaita "Roysambu!" mara moja, mat yote inasikia. Hiyo ni maltikasti.

Ukiwatch mechi kwa app, kawaida unaletewa kama chenji. Keja 32 zikishusha 4K ya 25 Mbps kila moja, hizo ni 800 Mbps, karibu theluthi ya waya nzima. Na ni goal ile ile! Kwa maltikasti ingekuwa 25 pekee.

Inauma zaidi ukijua kile kijisanduku hakitumii hata stima. Ni kioo tu. Mwangaza ule ule unafika kwa kila keja, kisha boksi yako inachukua yako na kuachana na zingine. Yaani kukopi ni bure.

Basi mbona kila kitu kisitumwe hivyo? Kwa sababu ukitaka kupause, ama kuwatch series yako saa nane usiku, lazima upewe yako. Channel yenye mtazamaji mmoja nayo haiokoi kitu. Tena intaneti ya kawaida haipitishi maltikasti, so kampuni ya faiba yenyewe ndiyo ibebe hiyo channel.

Dawa ni kufanya kama makanga: zote mbili kwa gari moja. Wa kwanza akiitisha mechi, inaanza kutumwa. Wengine wanadandia. Wa mwisho akitoka, inakatwa. Nafasi inayobaki ni ya TikTok na game zenu.

Kabla utukane mtu, cheki WiFi kwanza, maanake hata ukuta hula network. Lakini ukiuziwa package ya TV, uliza: mechi mnatuma mara moja, ama kila keja na yake?