Umeharibiwa jino: Ni bahati mbaya au uzembe wa daktari?

Umeng'olewa gego Ijumaa. Kufikia Jumatatu taya lawaka moto. Huli wala hulali. Jirani anakuambia: "Huyo daktari amekuharibu. Mshtaki!" Je, una kesi?

Usikimbilie kwa wakili bado, msomaji. Maumivu pekee si ushahidi wa uzembe. Jino likishang'olewa, damu huganda na kuziba shimo. Damu hiyo ikibanduka mapema, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza siku chache baadaye. Haya huweza kutokea hata mikononi mwa daktari hodari, na wavutaji sigara ndio huathirika zaidi. Rudi kwake akutibu. Ukiona uvimbe na homa, nenda siku hiyo hiyo.

Lakini yapo mambo yasiyoweza kuitwa bahati mbaya. Kung'oa jino zima na kuacha bovu ni moja. Kuacha kipande cha mzizi ndani ya ufizi na kukuficha ni jingine.

Sheria huuliza maswali matatu. Je, daktari alikuwa na wajibu wa kukutunza? Je, alifanya kazi chini ya kiwango cha daktari wa meno wa kawaida mwenye ujuzi kama wake? Kipimo hiki kilitokana na kesi ya Bolam iliyoamuliwa Uingereza mwaka wa 1957, na mahakama za Kenya hukitumia. Tatu, je, kosa hilo ndilo lililokudhuru? Hapa wengi hukwama. Ikiwa jino lilikuwa limeoza kiasi cha kung'olewa hata hivyo, itakuwa vigumu kudai fidia ya kulipoteza.

Kwa hivyo, weka risiti na picha za eksirei, na uandike tarehe. Mwulize daktari kilichotokea; Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa. Kisha pimwa na daktari mwingine wa meno, akupe maoni kwa maandishi. Neno lake lina uzito kuliko la jirani.

Malalamiko hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo laweza kumwadhibu. Anayetaka fidia kortini ana miaka 3 ya kushtaki, lakini akitibiwa katika hospitali ya serikali ni miezi 12 tu.

Haraka haraka haina baraka, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo.